Plastiki ya boksi isiwapofushe wazazi wanaonunua laptopu

Mhariri,

Vyuo vikikaribia kufunguliwa mwezi Agosti, wazazi wengi huingia Kampala na akiba yao na kuwekewa mashine mbili mezani kwa bei inayokaribiana. Moja ni mpya, imo ndani ya boksi, plastiki haijabanduliwa. Nyingine ni ya mtumba, imetoka ofisi fulani ya Ulaya au Marekani, ina mikwaruzo mgongoni. Wengi huondoka na ya boksini. Sisi tunaozifungua mashine hizi kila siku tunawasihi waitazame tena ile yenye mikwaruzo.

Laptopu mpya za bei ya chini mara nyingi hubeba prosesa (ubongo wa kompyuta) kama Celeron N4020, iliyotoka 2019 na yenye koa mbili tu, yaani vitengo viwili vya kuchakata kazi, pamoja na rami (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya eMMC, aina ya bei nafuu, ya GB 64. Rami na hifadhi hiyo kwa kawaida zimelehemewa kwenye madabodi (bodi kuu ya ndani), kwa hiyo fundi hana pa kuongezea. Windows 11 peke yake hula zaidi ya GB 20, na kila sasisho kubwa hudai nafasi nyingine. Haupiti muda mrefu mwanafunzi ataanza kufuta kazi zake ili mashine ipate kujisasisha, na nyumbani watamlaumu kwamba ameiharibu. Hajaiharibu, ndivyo ilivyonunuliwa.

Zipo pia zilizo mpya kweli ila zimekaa ghalani miaka minne au mitano. Betri ya lithiamu huzeeka hata kama haijaguswa. Ikikaa tupu muda mrefu, volti za seli hushuka kupita kiasi na nyingine hazipokei tena chaji.

Sasa ile ya mtumba. Dell Latitude 5490, HP EliteBook 840 G5 na Lenovo ThinkPad T480 ni mashine za 2018, zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi. Zote zina nafasi mbili za rami na SSD (diski ya kuhifadhia kazi) inayobadilishika. Ukianza na GB 8, siku ukipata fedha unachomeka nyingine 8. Ila usidhani kila modeli inafanana na nduguye: ThinkPad T490, iliyofuata T480, ina rami iliyolehemewa na nafasi moja tu ya kuongezea.

Muhimu zaidi ni kizazi cha prosesa, na hapa ndipo wanunuzi wanapoumizwa. Muuzaji husema "hii ni i7" na kunyamaza. Tazama tarakimu zinazofuata kistari: i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-1135G7 ni cha 11, na i7-2620M ni cha 2, mzee kabisa. Kati ya cha 7 na cha 8 kuna pengo kubwa: i5-7200U ina koa mbili, i5-8250U ina nne. Zaidi ya hayo, Windows 11 kwa prosesa za Intel huanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Usiamini stika, kwani hubandikwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome mwenyewe jina la prosesa.

Usilipe kabla ya kukaa na mashine dukani kama saa moja hivi. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti inayotoka. Linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa: 48,000 mWh (kipimo cha chaji) ikiwa imeshuka hadi 24,000, hiyo ni nusu betri, na bei ishuke kwa gharama ya betri mpya. Pedi ya kipanya ikiwa imeinuka, betri imevimba, iache.

Halafu izime na uiwashe ukibonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, au F1 kwa ThinkPad, ili kuingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya awali ya mashine. Ikidai nywila, irudishe mezani, maana kwenye mashine za ofisi nywila hiyo haiondoki kwa kung'oa betri ndogo ya madabodi. Mwombe pia muuzaji aifute na kuisimika Windows upya mbele yako ikiwa imeunganishwa na intaneti. Jina la kampuni ya ng'ambo likijitokeza na kudai barua pepe ya mfanyakazi, mashine bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa zamani na itaendelea kuidai barua pepe hiyo.

Kibodi, bawaba, kamera na matundu ya USB hujaribiwa kwa dakika kumi. Chaja ndiyo husahauliwa. Chaja ya Dell yenye kichwa cha mviringo ina kipini chembamba katikati. Kikivunjika, au chaja ikiwa bandia, mashine huwaka lakini betri haichaji na prosesa hupunguza kasi. Mnunuzi hudhani ameuziwa madabodi mbovu.

Mwisho, risiti iandikwe modeli, namba ya mashine na muda wa dhamana, angalau mwezi mmoja. Hakikisha namba iliyo kwenye karatasi ni ileile iliyo chini ya laptopu. Laptopu za wizi nazo huuzwa mjini, na polisi wakikusimamisha, karatasi hiyo ndiyo utetezi wako.

Mafundi wa kompyuta,
Kampala