Malazi yetu Napoli

Habari za jioni wapendwa. Nyumba imepatikana, na nimefurahi kweli: tutakaa Quartieri Spagnoli, vichochoro vya kale vinavyopanda kilima kutoka barabara ya Via Toledo. Mtaa ulianza karne ya 16 kama makazi ya askari wa Hispania, ndipo jina lilipotoka, yaani "mitaa ya Wahispania".

Niliwahi kulala huko. Asubuhi bibi mmoja wa ghorofa ya nne alimwita muuza duka kwa sauti, akateremsha kikapu kwa kamba, hela ndani. Kikapanda na mkate na malimau. Nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya wapita njia, pikipiki zinakupita karibu na kiwiko. Usiku kelele hufika saa saba, kwa hiyo mwenye usingizi mwepesi aniambie mapema nimpe chumba cha ndani.

Njia ni za mawe na ngazi ni nyingi. Tafadhalini, begi la mgongoni, si sanduku la magurudumu. Tutashuka kituo cha metro cha Toledo. Samaki na mboga tutanunua soko la Pignasecca, ni karibu. Wapenzi wa mpira, ule mchoro mkubwa wa Maradona ukutani tutaupitia siku ya kwanza.

Michango ya nyumba ikamilike kabla ya Jumapili.