Malalamiko kuhusu toleo la Kiswahili la kitabu chenu cha mapishi ya Moroko

Kwa Mhariri Mkuu,
Idara ya Vitabu vya Upishi.

Ndugu Mhariri,

Tunawaandikia kuhusu kitabu chenu cha mapishi ya Moroko, toleo la Kiswahili. Tumepika mapishi 9 yaliyomo, hatua kwa hatua kama yalivyoandikwa, kisha tukayarudia kwa njia tunayoijua. Picha ni nzuri na jalada ni imara. Huko hatuna ugomvi. Shida ni kwamba aliyefasiri hakupika, na aliyepika, kama yupo, hakusoma tafsiri.

Tunaanza na malimau ya chumvi, kwa sababu kosa lake linaweza kumdhuru mtu. Kitabu kinasema: ndimu 6, chumvi kijiko 1, zikae siku 3. Hapo kuna makosa matatu katika mstari mmoja. Kwanza, ni limau, si ndimu. Mpishi wa pwani akisoma ndimu na chumvi atadhani ni achari, ambayo huliwa nyama na maji yake yote. Wamoroko wanachokihitaji zaidi ni ganda: nyama ya ndani hutolewa na mara nyingi hutupwa, ganda likaoshwa na kukatwa vipande vyembamba. Ganda la ndimu ni jembamba na lina uchungu, halifai kazi hiyo.

Pili, chumvi. Malimau 6 hupasuliwa mara nne bila kuachanishwa chini, na kila moja hujazwa chumvi ya mawe kijiko kimoja cha chakula kilichojaa. Hushindiliwa katika chupa ya lita 1 mpaka yatoe maji, kisha hukamuliwa malimau mengine hadi yote yafunikwe kabisa. Hilo la kufunikwa kitabu hakikulitaja hata mara moja, nalo ndilo linaloamua kila kitu: kipande kinachochungulia juu ya maji hushika ukungu. Tulipofuata kipimo chenu, siku ya sita ulionekana ukungu wa kijani wenye manyoya, na chupa nzima ikatupwa. Utando mweupe mwembamba juu ya maji ni jambo jingine, huoshwa tu. Lakini msomaji mgeni atazitofautishaje kama hakuambiwa?

Tatu, siku 3 hazitoshi. Kwa muda huo ganda bado ni gumu na ukakasi wake uko palepale. Hutakiwa wiki 4 hivi, chupa ikigeuzwa kila siku katika wiki ya kwanza.

Hicho “kijiko” chenyewe kimetusumbua kitabu kizima. Kijiko cha chai ni mililita 5, cha chakula ni 15. Nyinyi mmeandika “kijiko” kila mahali. Kwa mafuta haidhuru, ila kwa mdalasini na tangawizi ya unga, ukikosea umetia mara tatu. Kuku mwenye mdalasini mara tatu ana ladha ya dawa ya kikohozi.

Majina ya viungo nayo yamevurugwa. “Bizari” imetumika kwa vitu viwili tofauti: katika samaki wa chermoula (mchanganyiko wa majani, vitunguu saumu na viungo wa kupakia samaki) ilipaswa kuwa bizari nyembamba, yaani jira, katika kuku ilipaswa kuwa manjano. Msomaji hawezi kubashiri. Paprika mmeiita “pilipili ya unga, vijiko 2”. Hiyo ni pilipili tamu isiyowasha, inayotiwa kwa rangi na ladha. Mpishi wa hapa atachukua pilipili kali ya dukani, na samaki hataliwa. Mngeandika paprika, au unga wa pilipili hoho nyekundu, mngeeleweka.

Ras el hanout mmeifasiri “bizari ya pilau”. Maana ya jina hilo ni kichwa cha duka, yaani kilicho bora kwa muuza viungo. Haina orodha moja: kila muuzaji huchanganya yake, na nyingine hupita viungo 20. Bizari ya pilau imeelemea jira, karafuu na pilipili manga, kwa hiyo chakula chote kinachotoka ni pilau bila wali. Asiye nayo achanganye mwenyewe kidogo kidogo: tangawizi, mdalasini, kungumanga, iliki, pilipili manga na manjano, jira ikiwa chache sana. (Na smen si samli ya kawaida, hata kama majina yanafanana. Ni siagi ya chumvi iliyochachushwa, ina harufu ya jibini, na kijiko kimoja cha chai kinatosha sufuria nzima. Tumekuta “vijiko 3”.)

Sasa kuskusi, yaani punje ndogo za ngano iliyosagwa, zinazoivishwa kwa mvuke. Mapishi ya ukurasa wa kwanza wa sura hiyo yanataka “kuskusi mbichi gramu 500”, kisha yanasema imwagiwe maji ya moto na kufunikwa dakika 5. Hiyo ni njia ya kuskusi ya pakiti ambayo kiwandani imekwisha kupitishwa kwenye mvuke na kukaushwa. Mbichi ukiimwagia maji hivyo, nje inakuwa gundi na ndani inabaki mchanga. Ubaya ni kwamba picha ya ukurasa unaofuata inaonyesha chungu cha mvuke cha ghorofa mbili, na hakuna neno hata moja la kukieleza.

Inavyotakiwa ni hivi. Kuskusi humwagwa kwenye sinia pana, ikapakwa mafuta vijiko 2 vya chakula kwa viganja mpaka kila punje ing’ae. Hunyunyiziwa maji kikombe kimoja, kidogo kidogo, huku vidole vikipekecha. Ndipo huwekwa kwenye chombo chenye matundu juu ya mchuzi unaochemka, bila kufunikwa, na maji ya chini yasiguse matundu. Dakika 15 hadi 20 zinahesabiwa kuanzia mvuke unapoonekana ukipenya juu ya punje, si tangu chombo kiwekwe. Kisha inarudi kwenye sinia, madonge yanavunjwa ikiwa ya moto, inanyunyiziwa maji yenye chumvi kijiko cha chai, inapumzika dakika 10 na kurudi kwenye mvuke. Mara tatu. Ya mwisho ndiyo hutiwa siagi au smen.

Mvuke ukitorokea ubavuni, pale chungu na chombo cha juu vinapokutana, punje za juu haziivi hata ukikaa saa nzima. Wamoroko huzungushia pale kitambaa kilicholowekwa kwenye uji wa unga wa ngano. Ukikauka unaziba kabisa. Ni jambo la dakika moja. Mwaka 2020 UNESCO iliandikisha maarifa ya kutayarisha kuskusi kwenye orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la Algeria, Mauritania, Moroko na Tunisia, na utangulizi wenu umelitaja hilo kwa fahari. Maarifa yenyewe ndiyo mliyoyaruka.

Kwenye tajini ya kuku na zeituni (tajini ni kitoweo kinachopikwa polepole katika chungu cha udongo chenye jina hilohilo), mmeagiza chungu kiwekwe kwenye oveni iliyokwisha pashwa hadi nyuzi 220. Chungu cha udongo chenye ubaridi kikiingia kwenye joto la ghafla kinapasuka, na kimoja kimepasuka, ufa kutoka ukingoni hadi katikati. Chungu kipya kisichotiwa rangi ya kung’aa hulowekwa usiku kucha, hukaushwa, hupakwa mafuta na huanza kwenye oveni baridi. Juu ya gesi kinahitaji bamba la chuma chini yake. Kwa jiko la mkaa, ambalo wasomaji wenu wengi wanalo na ambalo Moroko kwenyewe hupikia tajini, moto uwe makaa yaliyofifia. Hilo la mkaa hamkuligusa, mkatuletea oveni.

Halafu maji: lita 1 na nusu kwa kuku wa kilo 1 na nusu! Mfuniko wa tajini, uliochongoka juu, huurudisha mvuke chini, kwa hiyo kikombe kimoja kinatosha; mchuzi wa tajini hukaa mzito kwa vitunguu vilivyoparuzwa. Dakika 45 zinamtosha kuku wa kisasa. Wa kienyeji atataka mara mbili yake, na aanzie kwenye sufuria. Chumvi itiwe mwisho, kwa kuwa limau na zeituni zina chumvi yao.

Harira, supu nzito ya Moroko, ina “dengu gramu 150” na chini yake tena “dengu gramu 100”. Tulidhani ni kosa la chapa. Kumbe ya kwanza ni dengu zenyewe, za kulowekwa usiku, kuchemshwa peke yake na kumenywa. Ya pili ni adesi, ambazo hazilowekwi. Kitabu kinauzwa Kenya pia, ambako ndengu ni choroko, basi huko sijui watapata supu gani. Unga nao msiagize unyunyizwe kwenye sufuria inayochemka, utafanya madonge. Gramu 60 zikorogwe kwanza na maji baridi mililita 250, zimiminwe taratibu huku mwiko ukizunguka, zichemke dakika 15 ili ubichi wa unga uishe.

Bastila, yaani pai ya nyama ya tabaka nyembamba, mmeiagizia chapati, nasi tumeiacha bila kuipika. Kama warqa, yaani utando mwembamba wa unga unaofunika pai hiyo, haipatikani, manda za sambusa ndizo zinazokaribia.

Tunaomba haya: karatasi ya masahihisho itiwe ndani ya kila nakala iliyobaki madukani, ikianza na malimau, kila “kijiko” kiandikwe cha chai au cha chakula, kitabu kisichapwe tena kabla mpishi hajapika kutoka kwenye maandishi ya Kiswahili. Nakala 4 tulizonunua tunazirudisha pamoja na stakabadhi, tunadai fedha zetu na bei ya chungu kimoja. Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 21. Mapishi 9 tuliyoyasahihisha yameambatishwa, mnaweza kuyatumia.

Wenu,
Wapishi wanne, Tanga.