Barua ya wazi kwa Waziri wa Uvuvi, Kaunti ya Lamu: sifongo zisitoke bila karatasi

Assalamu alaikum Mheshimiwa,

Naandika kutoka Kizingitini, kusi imetufunga wiki nzima boti ziko juu, so wakati ninao. Mwezi wa tatu walikuja wageni wawili na mitungi yao ya kuzamia, wakamkodi ami yangu ambaye ni mzamiaji awapeleke mwambani, akadhani wanataka kamba, kumbe wanataka sifongo, ile ya rangi ya chungwa inayoota chini ya mawe ambayo ukiishika mkono unawasha mpaka jioni. Walikata vipande kama kidole gumba, wakatia kwenye vichupa vya spiriti, wakaandika namba, wakamlipa mafuta na elfu mbili, basi. Karatasi hata moja haikubaki huku.

Ndo nikaanza kusoma. Sifongo ni mnyama ati, hana macho hana miguu hana gamba, amekaa pale pale maisha yake yote anachuja maji, sasa samaki akija kumng'ata atakimbilia wapi? Silaha yake ni sumu, nyingine anatengeneza mwenyewe nyingine ni ya bakteria wanaoishi ndani yake, na hiyo sumu ndo watu wa dawa wanaitafuta. Sifongo ya Florida aliyoichunguza mwanakemia Bergmann miaka ya 1950 ndo ilionyesha njia ya sitarabini, dawa ya saratani ya damu, Marekani waliipitisha 1969 na mpaka leo watu wanachomwa sindano yake.

Lakini iliyoninyima usingizi ni eribulini, ya saratani ya matiti, ya 2010, asili yake kemikali iliyopatikana kwanza kwenye sifongo ya Japani. Wataalamu walivuna tani nzima ya sifongo New Zealand wakapata miligramu 300 hivi za ile kemikali. Tani nzima! Hata kidonge kimoja cha panadol hakijai. Ndo manake dawa yenyewe inaundwa maabara, na mtu akishajua kemikali imeundwaje mwamba wetu hana haja nao tena. Kwa hivyo kama mkataba haukuandikwa kabla vichupa havijapanda boti, tutamdai nani, na kwa lipi?

Sisemi wale wageni wafukuzwe, shangazi yangu alikufa na saratani ya matiti, dawa naitaka. Na sheria ipo, kanuni za 2006 zinadai kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, na ridhaa ya wenyeji, Itifaki ya Nagoya pia, mapatano ya mataifa ya kugawana faida ya viumbe kama hivi, tumeiridhia. Shida ni kwamba huku hakuna aliyeulizwa, si BMU, yaani kamati ya wavuvi wa ufuo, si mzee wa mtaa.

Sasa wamempigia ami simu, kaskazi ikitulia wanataka kuzamia Kiunga, na kule ni hifadhi ya bahari tangu 1979. Tafadhali Mheshimiwa, kabla hujawaandikia barua yoyote waite wazamiaji mkae nao. Bandani kwetu kuna ubao wa matangazo, nakala ya mkataba ibandikwe pale, kwa Kiswahili, tuisome wenyewe.