Msiuondoe mnara kwenye uwanja wa mabomu

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma makala yenu kuhusu mazoezi ya ndege za kivita na sehemu kubwa nimeifurahia. Kuna sentensi moja tu iliyonikaa kooni: eti ndege za siku hizi, kwa kuwa zinaelekezwa na setilaiti na kompyuta, hazihitaji tena mtu wa kukaa mnarani kando ya uwanja wa kudondoshea mabomu. Nilikaa kwenye mnara wa aina hiyo miaka kumi na mmoja, kwa hiyo naomba nijibu.

Ndege hutoka kambini nne nne, zikifika huzunguka uwanja kwa zamu kama watoto wanaopokezana bembea. Kila rubani akishageuka kuielekea shabaha hutamka redioni kwamba anaingia. Hapo mtu wa mnarani ana sekunde chache za kuiona ndege kwa macho yake, kuangalia pua yake imeelekea wapi, na kuhakikisha hakuna gari la mafundi wala mchungaji aliyepenya uzio akifuata mifugo. Ndipo aruhusu. Asipoiona ndege, haruhusu. Rubani atapita juu mikono mitupu, azunguke tena, mafuta yateketee na yeye anung'unike. Anung'unike tu.

Mara nyingi kinachodondoshwa si bomu lenyewe, bali bomu dogo la mazoezi. BDU-33 ya Wamarekani, kwa mfano, ina kilo 11 hivi, lakini imeundwa ianguke kama Mk 82, bomu halisi lenye kilo 227. Ikigonga ardhi, fataki iliyomo ndani hutoa moshi. Minara miwili huupima moshi ule, kila mmoja kwa pembe yake, na mistari inapokutana ndipo bomu lilipoangukia. Kisha rubani husomewa umbali na upande, kwa kufuata uso wa saa: kumi na mbili, ya juu, ni mbele ya shabaha; sita, ya chini, ni nyuma yake. Hapo Kiswahili chetu kilitutesa: namba ya juu kabisa kwetu ni saa sita, kumbe redioni sita ni ile ya chini. Kijana mmoja mgeni alimwambia rubani bomu limepungua, na huku lilikuwa limepitiliza. Tulicheka, lakini tangu siku hiyo tulisoma namba iliyoandikwa kwenye saa tu.

Sasa turudi kwenye kompyuta. Tarehe 6 Machi 2025, ndege mbili za KF-16 za Korea Kusini zilidondosha mabomu manane ya Mk 82 nje ya uwanja wa mazoezi, huko Pocheon, yakaangukia makazi ya watu na kujeruhi wengi. Rubani kiongozi aliingiza namba zisizo sahihi za mahali pa shabaha. Alikuwa na nafasi tatu za kuzihakiki. Mwenzake aliingiza namba sahihi, lakini alishughulika kukaa sambamba na kiongozi, na kiongozi alipodondosha, naye akadondosha. Mabomu yalikwenda pale pale yalipotumwa. Mitambo haikukosea hata kidogo, na hilo ndilo ambalo makala yenu haikuligusa.

Najua mtanijibu kwamba macho nayo hukosea. Ni kweli. Huko Vieques, Puerto Rico, mwezi Aprili 1999, ndege ya F/A-18 iliikosa shabaha na mabomu yake mawili yakamuua mlinzi wa kiraia kwenye kituo cha uangalizi. Wananchi walikuja juu, na Mei 2003 Jeshi la Majini la Marekani likasitisha mazoezi kisiwani humo. Kule Udairi, Kuwait, Machi 2001, tena usiku, F/A-18 nyingine ilikidhania kituo cha uangalizi kuwa shabaha. Ruhusa ilikuwa imeshatoka redioni. Walikufa watu sita.

Kwa hiyo sisemi kwamba mtu wa mnarani ni malaika. Mimi mwenyewe niliwahi kuiruhusu ndege nisiyoiona, kwa sababu sauti iliyokuwa redioni ilikuwa ya mkubwa wangu na ilikuwa imeanza kukasirika. Bomu lilianguka salama. Usiku ule sikupata usingizi. Tatizo langu siku ile halikuwa macho wala redio, ilikuwa ni cheo. Sajini anapomkatalia kanali, lazima kuwe na kanuni iliyoandikwa ya kumlinda, na kanali awe anaijua kabla hajapanda ndege. Fedha za kamera mpya za kuangalia uwanja sizipingi. Ninachopinga ni kuzipata kwa kumwondoa huyo sajini.

Mwandishi wenu akialikwa tena kambini, asiishie kupigwa picha kwenye kiti cha rubani. Apande mnarani asubuhi, akae zamu nzima, ahesabu ni mara ngapi redioni litasikika neno "hapana".

Mstaafu wa jeshi la anga