Ubao wa notisi za ndoa India

Ndugu Mhariri,

Wanaosifu ibara ya 25 ya Katiba ya India kwa kulinda uhuru wa dhamiri watazame na ubao wa ofisa wa ndoa. Wachumba wa dini tofauti, na hata wasio na dini, hufunga ndoa kwa Sheria ya Ndoa Maalumu ya 1954. Notisi yao, yenye majina na anwani, hubandikwa peupe, na kwa siku 30 yeyote anaweza kuweka pingamizi. Wenye msimamo mkali husoma ubao, kisha wanabisha hodi kwa wazazi. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Allahabad, ya jimbo la Uttar Pradesh, iliamua kubandika kuwe hiari ya wachumba. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 nayo inataka notisi, siku 21, ila hapa Dar nani huisoma? India wafute anwani. Umri na ndoa ya awali, ambavyo pingamizi hulenga kuvifichua, ofisa avikague kwa vyeti.

Msomaji,
Upanga, Dar es Salaam