Mhariri, waambie wenye saccos kuhusu hili la kusafisha tebo

Mhariri salaam, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Saivi kila saccos, kila zahanati ina mfumo wake wa kompyuta, na kabla mfumo haujaanza kazi rasmi lazima data za majaribio zifutwe. Sasa hapo ndo watu wanaumizwa.

Kijana anaambiwa tu safisha tebo zote, yaani majedwali ambamo mfumo unatunza data, anakimbilia TRUNCATE, amri ya kufuta tebo nzima kwa mkupuo, maana ni fasta kuliko DELETE inayofuta mstari mmoja mmoja. Kwenye MySQL, programu ya kutunza data, ikikataa kwa sababu tebo ya mikopo inaitegemea tebo ya wanachama, hajiulizi imekataa kwa nini, anazima ule ukaguzi wa tebo zinazotegemeana kwa SET FOREIGN_KEY_CHECKS = 0 anaendelea. Akisafisha wanachama akaisahau mikopo ndo balaa, kwa sababu TRUNCATE inarudisha hesabu ya namba kwenye 1, kwa hiyo mama wa watu anayejiunga kesho anapewa namba 1 na mfumo unamsomea deni la mtu mwingine kabisa, na hapo hajakopa hata shilingi! Kwenye PostgreSQL, programu nyingine ya aina hiyo, nako wanaongeza neno CASCADE kwenye amri, inazoa kila tebo inayoitegemea hiyo hata ambazo hukuzitaja. Angalau huko ukiwa ndani ya transaksheni, yaani kazi ambayo bado haijathibitishwa, unaweza kurudi nyuma kabla ya COMMIT, amri ya kuthibitisha, ila MySQL ikishafuta imefuta.

Na msidanganyike na neno "bekapu ipo", yaani nakala ya akiba ya data. Tarehe 31 Januari 2017 injinia wa GitLab, kampuni kubwa tu ya mtandaoni inayotunzia watengeneza programu kazi zao, alifuta data kwenye seva yenyewe, ile kompyuta kuu inayohudumia wateja, akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Walikuwa na njia tano za kutunza nakala na hakuna hata moja iliyokuwa inafanya kazi sawasawa, wakaokolewa na nakala iliyochukuliwa masaa kama 6 kabla, yaliyoingia baada ya hapo yakapotea.

Kwa hiyo viongozi wa saccos nawaomba sana, mkisikia mfumo unasafishwa ulizeni nani ameirudisha hiyo bekapu kwenye mashine nyingine, akaifungua, akaona majina na salio za wanachama zipo. Kama hakuna, kazi isimame hadi ifanyike, hata kama uzinduzi ni kesho na mgeni rasmi keshaalikwa.

Fundi wa databesi,
Morogoro