Risala ya wafamasia vijana wa hospitali kwa mgeni rasmi, Lubumbashi

Mheshimiwa mgeni rasmi, waganga wetu, wauguzi, wazazi na ndugu mliotoka Katuba, Ruashi na Kampemba,

Karibuni sana. Sisi tunaomaliza mafunzo ya famasia ya hospitali tumepewa dakika chache, nazo tutazitumia kwa dawa moja tu, ile isiyokosekana nyumbani: parasetamoli.

Mheshimiwa, dawa hiyo haiogopwi na mtu, ndiyo maana inatupa kazi. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24. Sasa tazama mama aliyepasuliwa. Daktari wa upasuaji ameandika chupa ya parasetamoli ya mshipani, gramu 1 mara nne. Hapo kipimo kimejaa. Jioni daktari wa zamu, aliyeitwa kwa ajili ya homa, anaandika Doliprane, vidonge viwili vya miligramu 500 mara tatu. Nyumbani nako wameleta Efferalgan ndani ya kikapu cha bukari, yaani ugali. Majina matatu, dawa ileile! Kila ordonansi, yaani karatasi ya dawa ya daktari, ukiisoma peke yake haina kosa. Zijumlishe: gramu 7, na kikapu hatujakifungua. Tena mama huyo akiwa na kilo 40, hata zile gramu 4 za mshipani zimemzidi, kwa kuwa mwenye uzito huo hapiti miligramu 60 kwa kila kilo kwa siku, yaani gramu 2.4.

Parasetamoli ikizidi huumiza ini, na ini halipigi kelele siku ya kwanza. Mgonjwa hutapika kidogo, au haonyeshi lolote, hadi siku ya pili au ya tatu. Asetilisisteini, dawa ya kumwokoa, hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu dawa kuzidi, na hizo ndizo saa ambazo bado hakuna aliyeshtuka.

Kwa mtoto, kosa huwa la herufi mbili zilizoachwa: mg (miligramu) au ml (mililita). Chupa ya mshipani ina miligramu 10 katika kila mililita. Mtoto wa kilo 8 hupewa miligramu 60, sawa na mililita 6. Ikiandikwa "60" tupu, mwingine akavuta mililita 60, mtoto amepata mara kumi. Mwenzetu mmoja aliikuta "60" ya namna hiyo, akapanda ngazi kuuliza. Akajibiwa kwamba kazi ya mfamasia ni kuhesabu vidonge. (Muuguzi alimshukuru baadaye, pembeni.)

Ombi letu leo si pesa, ingawa rafu zetu zinazihitaji. Tunaomba uzito wa mgonjwa uandikwe kwenye kila ordonansi. Tunaomba mfamasia apite wodini asubuhi pamoja na madaktari, aone karatasi zote za kitanda kimoja kwa pamoja, badala ya kuzipokea dirishani mojamoja. Na akiuliza, ajibiwe.

Habari ya dirisha la usiku, lisilo na mtu baada ya saa mbili, tutakueleza wakati wa chakula. Ahsante, mheshimiwa. Karibu utukabidhi vyeti.